Mama wa Bwana Harusi Aliyesimamisha Ndoa

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemen aliishi mjane mchamungu aitwaye Umaima binti Wathila. Alifuga mbuzi, akiuza maziwa na samli, na kwa chumo hilo la halali alimlea mwanawe wa pekee, Rabii, aliyefiwa na baba akiwa bado mchanga.

Rabii alipokuwa kijana, siku moja alipita na kiriba cha maziwa nyuma ya nyumba ya Mzee Hujairi, mtu aliyehamia mjini pale si zamani. Akasikia sauti ya binti akiwasomesha watoto Qur'ani. Tangu siku ile hakuwa na njia nyingine ya kupita. Mama yake akacheka, akamwambia, "Mwanangu, hata mbuzi wameshaichoka njia hiyo. Acha nikakuposee." Akaenda, na posa ikakubaliwa. Binti mwenyewe aliitwa Lubaba.

Sasa, mji ule ulikuwa na ada yake. Kabla ya kufunga ndoa, kadhi husimama kati ya baraza la wanaume na pazia la wanawake, akanadi, "Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, je, yupo ajuaye kuwa wawili hawa wamenyonya ziwa moja?" Kwani sheria ya dini yetu iko wazi: walionyonyeshwa na mwanamke mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Watu hujibu kwa pamoja, "Hatujui ila kheri!" Na tuseme kweli, hujibu huku pua zao zimeshaelekea jikoni. Swali lile lilikuwa halijapata jibu jingine tangu mji ujulikane.

Siku ya harusi ikafika, watu wakajaa nyumbani kwa Mzee Hujairi. Umaima aliketi nyuma ya pazia karibu na Bibi Atika, nyanya wa bibi harusi, kikongwe aliyepungukiwa na macho lakini ulimi wake mzima. Ajuza yule alikuwa na furaha hata hawezi kunyamaza.

"Mwenzangu," akasema, "huyu Lubaba mnayemchukua leo ni rehema tupu. Alizaliwa safarini. Tulitua kwenye kisima cha Wadi Thamri, mama yake akashikwa na homa, maziwa yakamkauka. Mtoto alilia hata sauti ikapotea, nami nikaanza kutafuta kitambaa cha kumkafinia. Mara akaja mwanamke na mwanawe mgongoni, akampokea mjukuu wangu, akamnyonyesha usiku na mchana mpaka mama yake alipopata nafuu. Msafara ukaondoka kwa haraka, hata jina sikumwuliza. Sijaswali swala moja tangu hapo nisimwombee dua."

Umaima akamgeukia. Kisima cha Wadi Thamri! Mwanamke yule alikuwa yeye, na mtoto wa mgongoni alikuwa Rabii. Miaka yote aliamini kuwa kile kichanga kilikwenda zake nchi za mbali, akamwachia Mungu. Kumbe ndiye huyu, amepambwa hina, anamngoja mwanawe.

Akataka kusema neno. Na hapohapo sauti ya kadhi ikanadi lile swali, na baraza zima likaitikia, "Hatujui ila kheri!"

Nafsi yake ikamwambia: Nyamaza. Bibi huyu hakuoni vizuri, mjini hakuna ajuaye, na mwanao atakufa kwa huzuni. Umaima akasema moyoni, "Ya Rabbi, kwa nini nisikie leo? Ungenifanya kiziwi saa moja tu." Alilia kimyakimya huku kadhi akianza hotuba ya ndoa. Kisha akakumbuka kuwa ajuaye yupo, naye hasinzii. Akasimama.

"Ngoja, ewe Kadhi! Mimi najua. Wawili hawa nimewanyonyesha mimi."

Subhanallah! Waliokuwa wakipakua nyama walibaki na miiko mikononi. Kadhi akakatiza hotuba, akaligeukia pazia.

"Nani anayesema?" akauliza.

"Mama wa bwana harusi."

"Mama!" Rabii akapiga ukelele. "Mama, unasema nini?"

Mzee Hujairi akainuka kwa hasira. "Kama binti yangu hakufai, si ungesema mapema? Umengoja watu wajae ndipo unifedheheshe?"

"Nyamaza, Hujairi," Bibi Atika akamkata. "Nitamwuliza mimi. Ewe mwanamke, mtoto yule alipopewa ziwa mara ya kwanza, alifanya nini?"

"Hakulishika," akajibu Umaima. "Hakuwa na nguvu hata ya kunyonya. Nilichovya ncha ya ushungi wangu katika maziwa yangu, nikamdondoshea mdomoni kidogokidogo, hata akapata uhai wa kulishika mwenyewe."

Ajuza akaangua kilio. "Wallahi ndiye! Hilo sijamsimulia mtu yeyote." Akaitafuta mikono ya Umaima kwa kupapasa, akaibusu.

Kadhi akauliza kama mtoto alishiba, na kama ilikuwa mara nyingi. Alipojibiwa, akasema kwa sauti ya chini, "Basi hapa hakuna ndoa. Hapa pana kaka na dada." Wageni wakaondoka mmoja mmoja, na chakula kikapoa kwenye sinia.

Rabii alimfuata mama yake, macho mekundu. "Ungenyamaza tu, mama. Nani angejua?"

"Ningekuoza dada yako kwa mkono wangu, mwanangu. Bora nilie mbele yako leo kuliko kulia mbele ya Mola wangu kesho."

 Kijana akaelekea mlangoni aondoke, asirudi tena nyumba ile. Ndipo kutoka chumba cha ndani ikaja sauti aliyoizoea nyuma ya ukuta. "Rabii, ingia."

Akaingia, akainamisha uso chini kama ilivyompasa siku zote. Lubaba, aliyekuwa amelia hata wanja ukachuruzika, akauvua mtandio wake, akauweka kando.

"Inua macho, kaka yangu," akasema. "Mbele yako sina haja ya kujifunika tena."

Rabii akainua macho. Uso ule hakuwahi kuuona, na alikuwa ameutamani kuliko kitu chochote cha dunia. Akalia mpaka ndevu zikalowa, kisha akasema, "Labeka, dada."

Ndugu waumini, kusema kweli inayotuletea faida si kazi kubwa. Umaima aliisema ikimpasua moyo mwanawe, na wa kwake pia. Mwenyezi Mungu aturuzuku ulimi kama ule siku tutakapouhitaji, na siku hiyo haipigi hodi inapokuja. Amin.