Bunduki Iliyoitwa Yenyewe

Ndugu zangu, nianze na kosa langu, msije mkadhani nimekuja kuwasema ninyi. Masika mawili niliongoza sala kanisani kwetu nikiwa sisemezani na dada yangu wa tumbo moja. Kisa ni kinu cha mama yetu. Nilikipasua mimi, nikakana, lawama ikamwangukia yeye. Kila Jumapili nilisimama mbele, nikafumba macho, maneno yakatoka yenyewe kama kawaida. Na kwa kuwa yalitoka, nikajihesabu kuwa niko salama. Kisha nikaitwa kuomba kwenye mazishi ya jirani. Nikafumbua kinywa, na hapakuwa na neno. Watu walingoja. Hapo ndipo nilipoikumbuka habari ya Anyosisye, ambayo siku zote nilikuwa nimeisikia na kuicheka.

Mtu huyu alikuwa na majaruba matatu ya mpunga, jicho la shabaha, na gobori la marehemu baba yake. Bonde alilokaa na wenzake lilikuwa jema. Maji hayakukatika, udongo ulikuwa mweusi, watu walishiba. Adui wao alikuwa bata bukini, wale wakubwa wenye mwiba kwenye bawa. Hushuka mpunga unapoanza kutia maziwa, na wasichokula hukilaza kwa miguu. Nyuma yao huja bata maji, wadogo, wengi, wenye kelele. Gobori hupiga mara moja. Mpaka ulishindilie baruti nyingine, kundi limeshahamia kwa jirani kama lililokaribishwa.

Bonde hilo lilikuwa na desturi. Bukini wa kwanza wa msimu hakuliwa na mpigaji. Alipelekwa kwa mtu aliyefiwa mwaka ule, na mpaka mfiwa ale, hakuna nyumba iliyoonja mchele mpya. Ndege huyo akichelewa, sufuria za bonde zima zinangoja.

Basi majirani wakakaa, wakasema: Anyosisye ndiye mwenye kibali cha ndege na ndiye mwenye jicho, tuchange fedha, tumtume mjini akatuchagulie bunduki ya kisasa. Akavaa koti la harusi yake, akaenda.

Fundi wa bunduki alikuwa mzee mmoja mpole, Hirji, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamtolea tatu. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mti mzuri na bata wa fedha waliochorwa ubavuni. Anyosisye aliipenda papo hapo, kama mtu anavyopenda viatu kabla ya kuvijaribu. Hirji akamwambia afumbe macho, aiinue begani, kisha afumbue. Akafumbua, akajikuta anatazama dari.

"Hiyo ni ya mtu mwenye shingo ndefu kuliko yako, bwana," Hirji akasema. "Uzuri wa bunduki si wa kutazamwa. Ni wa kutazamia."

Ya pili ilikuwa ndefu na nzito. Alipoizungusha kama anayemfuata ndege, ilifika baada ya ndege. Ya tatu ilikuwa nyeusi, kitako cha plastiki, haina pambo lolote. Akafumba, akainua, akafumbua: ncha ya shabaha ilikuwa imekaa mbele ya jicho kana kwamba ilikuwa ikimngoja.

"Hii haiogopi matope," akasema Hirji. "Haipigi bega sana. Nayo ni nusu otomatiki."

Anyosisye akaishusha. "Nusu? Mzee wangu, nimetumwa na bonde zima, nirudi na nusu? Nipe nzima."

Hirji akacheka mpaka miwani ikateleza. "Nzima ni ya vitani! Sikiliza. Ukipiga, moshi wa risasi unasukuma mtambo. Ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia. Hiyo ndiyo nusu yake. Sasa nusu yako wewe..."

Lakini Anyosisye alikuwa ameshainua tena, anailenga pangaboi iliyokuwa ikizunguka juu, na moyo wake ulikuwa umefika bondeni. Hirji akatikisa kichwa. Akafunga bunduki, na pembeni akaweka ufito mrefu, kitambaa, na kichupa cha mafuta.

Njiani lile neno likamsumbua. Nusu! Angelitamkaje mbele ya watu waliochanga? Alipofika, majirani wakamzunguka wakitaka kujua chombo chao kinaitwaje. Akakohoa kidogo. "Inaitwa Yenyewe," akasema. "Inajipakia yenyewe." Wakapiga makofi. Akaona hakusema uongo, ila ameacha neno moja tu.

Nyumbani mkewe, Tupokigwe, akakiinua kile kichupa. "Baba, mafuta haya ni ya nini?"

"Sijui mambo ya mjini. Tia kwenye cherehani."

Cherehani ikapona kikohozi. Ufito ukawa komeo la banda la kuku. Kitambaa kikafutia taa.

Msimu ule ulikuwa wa furaha. Yenyewe ilipiga, ikatema ganda, ikapiga. Bukini wa kwanza alifika kwa mfiwa siku ya pili tu, na mchele mpya ukanukia nyumba zote. Lwitiko, jirani yake, aliyekuwa na bunduki ya kukunja ya midomo miwili, alikaa kila jioni mlangoni akiisugua. Anyosisye akipita humtania: "Mzee Lwitiko, unamwogesha bibi harusi?" Na Lwitiko hujibu, "Namwogesha, maana hata mimi nisipooga nanuka." Wakacheka, naye Anyosisye akashika njia yake. Tena Anyosisye akaanza kuidharau risasi ya kwanza. Zamani, kwa gobori, aliilenga kama mtu anayeaga. Sasa alisema moyoni, hii ikikosa zipo nyingine.

Mwaka wa pili mfiwa alikuwa Sekela, mama wa makamo aliyemzika mumewe mwezi wa tatu. Jaruba lake lilikuwa la mwisho, karibu na matete. Asubuhi bukini waliporudi, bonde zima lilitoka kusikiliza mlio. Anyosisye alikuwa amepiga magoti kwenye matete, maji yamemfika mapajani, na moyo wake umetulia kabisa. Alikuwa ameomba asubuhi hiyo. Kundi likaja chini, zito, mabawa yakivuma. Akapiga ya kwanza kwa uvivu, akakosa. Akavuta tena.

Kimya.

Mtambo ulikuwa umesimama nusu njia, ganda limeng'ang'ania mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Akautikisa. Akaugonga kwa ngumi. Bukini wakazunguka mara moja bila haraka, kisha wakatua ndani ya jaruba la Sekela na kuanza kula, mbele ya macho yake. Sekela akaja mbio akipiga debe. Walipoondoka, theluthi ya mpunga wake ilikuwa imelala chini.

Anyosisye akalaumu risasi. Akalaumu unyevu. Akamlaumu Hirji. Mwishowe akasema kuna mtu ameitupia jicho baya ile bunduki, na aliposema hivyo alimtazama Lwitiko. Siku ya tatu sufuria zikiwa bado zinangoja, Lwitiko alikuja mlangoni kwake na kusema tu, "Ipeleke kwa aliyekupa."

Akaipeleka. Hirji akaifungua kwa vidole viwili, akatoa pete moja ya chuma iliyokuwa imevaa masizi mazito kama chungu cha kuni. Akapitisha kidole humo, akamshika Anyosisye mkono, akampaka masizi yale katikati ya kiganja.

"Inajipakia yenyewe, bwana," akasema, "lakini haijisafishi yenyewe."

Anyosisye akakitazama kiganja chake. Mlio wote ule uliomfurahisha ndio ulioacha weusi ule. Kila shangwe ilibakiza kidogo. Na alikumbuka ufito uko wapi.

Alirudi bila kunawa. Akawaita majirani, akawanyooshea mkono. "Jina lake si Yenyewe. Ni Nusu. Niliona aibu nikawaficha. Nusu nyingine, ya kuisafisha, ilikuwa yangu, na sikuifanya; ufito wake nimefungia banda la kuku. Mzee Lwitiko, nimekusingizia." Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo maana kuku wako wanafungiwa kwa bunduki!" Kicheko kikapasuka, naye Lwitiko akacheka zaidi ya wote. Tupokigwe akaingia ndani, akatoka na kichupa kilichobaki matone. "Shika," akasema. "Cherehani imeshiba."

Jioni ile wanaume wawili walikaa mlangoni pamoja, kila mmoja na kitambaa chake. Asubuhi Anyosisye akapiga magoti mateteni pale pale. Risasi ya kwanza aliilenga kama mtu anayeaga. Hakuhitaji ya pili. Akambeba bukini mpaka kwa Sekela, akamwomba radhi kwa mpunga wake, akaahidi kumpa wa jaruba lake mwenyewe. Sekela akampima ndege kwa mkono. "Amechelewa," akasema, "lakini amenenepa kwa mpunga wangu. Kaa, tumle wote." Na mchele mpya ukanukia.

Mimi nami nilikwenda kwa dada yangu nikiwa na kinu kipya kichwani. Alinichekea toka mbali. Maneno yamerudi, ingawa siku hizi ni machache.

Ndugu unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Leo, kabla hujapiga magoti, nenda kwa yule mtu. Usimtafute mbali, jina lake limeshakujia nilipokuwa nasema.