Jogoo wa Siwema na Mwaka wa Nzige

Hapo zamani, si zamani sana, ofisi moja ya elimu ililetewa kompyuta. Mkuu wa ofisi akaamuru majina yote ya wanafunzi, wa sasa na wa kale, yaingizwe kwenye mashine, kisha madaftari yachomwe.

Alikuwepo mjane, jina lake Siwema. Mumewe alimwachia jogoo mmoja, na jogoo huyo ndiye aliyemwamsha kwa sala ya alfajiri, kama marehemu alivyokuwa akimwamsha. Mungu akamfungulia mlango, chuo cha ukunga kikamkubali. Kilitaka barua ya ofisi ya elimu tu, ya kuthibitisha kuwa alisoma, kabla ya Ijumaa.

Jumatatu akaenda. Tunu, binti wa kompyuta, akatazama kioo cha mashine, akamtazama Siwema, akatazama kioo tena.

"Dada, mashine inasema una miaka mia moja na kumi na tano."

"Basi simama, mjukuu wangu, unipishe kiti."

"Aliyepita mia, mashine humweka kwa marehemu. Haimtolei barua."

"Marehemu ni mume wangu. Mimi nimekuja kwa miguu."

Tunu akainamisha kichwa. Asiye na tarakimu za mwaka wa kuzaliwa mashine ilimkataa, naye Tunu, ili kazi iishe, aliwaandikia wote mwaka elfu moja mia tisa. Wilaya ikapata vikongwe elfu mbili kwa wiki moja.

"Kusahihisha siwezi bila daftari la zamani. Nalo limechomwa."

Siwema akaweka nadhiri pale pale: "Wallahi, atakayenirudishia umri wangu, nitampa jogoo wangu."

Mzee Mbwana, karani wa siku nyingi, akakohoa.

"Halijachomwa. Nilichoma magazeti. Mkuu aliona moshi, akaridhika."

Madaftari aliyaficha katika sanduku la marehemu mkewe, chini ya kanga zake. Jumatano akalileta la Siwema, linanukia udi. Wakafunua. Kwa mwandiko wa mzee mwenyewe imeandikwa: Siwema Khatibu, kuzaliwa mwaka wa nzige.

"Mzee, mashine haiwajui nzige."

"Sisi tuliwajua."

Alhamisi, Bi Mwatima, muuza vitumbua wa mlangoni, akasikia. "Mwaka wa nzige? Hamadi wangu nilimzaa nzige wanaanguka juu ya bati kama mvua!" Akakimbia nyumbani, akarudi na kadi ya kliniki ya Hamadi. Mwaka upo, na muhuri upo.

Ikabaki saini ya mkuu. Tunu akamwandikia kosa lake lote, vikongwe elfu mbili, bila kuficha. Mkuu akasaini sahihisho, akamwambia Tunu aje Jumatatu ijayo ajieleze. Siwema akawa na miaka ishirini na tisa, na barua mkononi.

Akaja na jogoo kwapani.

"Mlete," akasema Mzee Mbwana. "Nimevunja amri kwa ajili ya daftari lile."

"Ulilolijaza nzige!" akasema Bi Mwatima. "Mwaka nimeutoa mimi."

"Umeutoa kwa kuzaa, na ungezaa tu," akasema Tunu. "Mimi huenda nikafukuzwa kazi kwa kukiri."

"Wewe uliyemzeesha?" wakamwambia wote wawili.

Jogoo akawika, mchana kweupe. Siwema akamkumbatia, machozi yakimlenga.

Nadhiri imewekwa, na mwenye nadhiri hana budi kuitimiza. Jogoo ni mmoja. Haya, nyinyi mliokaa hapa, semeni kabla Siwema hajamwachia: jogoo wa marehemu anastahili kwenda kwa nani?