Turubai Nyuma ya Mlango

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa kukunja blanketi.

Alikuwapo baba mmoja, mtu makini. Mke wake alikuwa na ombi moja: walale nje, juu mlimani kando ya ziwa, wao wawili na binti zao. Hawakuwa wamewahi kupiga kambi. Tangu kiangazi mizigo ilikaa nyuma ya mlango wa sebule: hema, jiko dogo la gesi, taa ya sola, chupa za chai, sanduku la dawa. Jioni ile walikuwa wakikunja blanketi kubwa, kila mmoja upande wake.

"Vuta, Baba Kezia. Unalishika kama umeshika nyoka."

"Nimeshika. Ila safari tusogeze mbele kidogo. Hatuna turubai."

"Juzi ilikuwa taa. Kabla ya taa, jiko. Kwani tunahamia huko?"

"Mvua ikinyesha je?"

"Tutalowa, mume wangu. Halafu tutakauka. Mimi nataka kulala nje na watoto wangu, basi."

"Nipe kesho tu. Nikishalipata, tunaondoka."

Kesho yake alilipata. Alirudi nalo begani, akamkuta mkewe ameanguka jikoni. Sanduku la dawa lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, limejaa bandeji na plasta. Halikuwa na cha kumsaidia. Walipofika hospitali, alikuwa ameshakata roho.

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Msiba ukiingia, watu hawarudi makwao. Wanalala uani na wafiwa. Jirani mmoja akamsogelea yule baba.

"Pole, shemeji. Wingu hilo si la kuamini, na watu watalala nje. Turubai tutapata wapi?"

"Lipo," akasema. "Nyuma ya mlango."

Basi mizigo ikafunguliwa. Turubai likafungwa toka ukutani hadi kwenye nguzo za uzio. Taa ikaning'inizwa. Jiko likawashwa, chai ikajazwa kwenye chupa. Wakwe waliotoka mbali wakalala ndani ya hema. Mama mmoja wa mtaani akatazama huku na huku, akasema, "Nyumba hii haijapungukiwa na kitu." Alikuwa akisifu.

Giza lilipoingia, yule baba alijilaza uani na binti zake juu ya lile blanketi. Mvua ikaanza kugonga turubai. Hakuna aliyelowa. Kezia, yule mkubwa, akamgeukia.

"Baba, kambi yenyewe ndiyo hii?"

Ninyi mngemjibu nini?

Msiseme alikuwa mzembe. Msiseme hakumpenda mkewe. Kila kitu kilichokuwa nyuma ya ule mlango alikinunua kwa upendo, na hilo ndilo linaloniogopesha. Uvivu tunaujua na tunauungama. Lakini nani kati yetu amewahi kuungama maandalizi? Tunasema, nikimaliza kujenga nitakaa na mama yangu. Watoto wakifunga shule. Mvua zikiisha. Tunasema hivyo kwa nia njema, na aliye mbele yetu anacheka, anatusubiri, anatushikia upande wa pili wa blanketi.

Mara nyingi hapa kanisani tumehimizana kujiandaa kufa. Ni sawa. Lakini sisi tumejiandaa kuishi na wale tuliopewa? Mungu ametupa siku ya leo na watu wa leo. Turubai hakutuahidi. Nakuuliza wewe uliyeketi hapo: nyuma ya mlango wako kuna nini, na ni nani anayekusubiri umalize kukipanga?

Yule baba alimvuta mtoto wake karibu. Siku ya kuanua matanga, majirani walikunja kila kitu wakakirudisha mahali pake, kwa mpangilio mzuri kuliko wa mwanzo. Kilichobaki uani ni blanketi tu, limeanikwa kwenye kamba.

Asubuhi iliyofuata alilianua. Akajaribu kulikunja peke yake. Lilikuwa kubwa, ncha zikaburuzika chini. Akamwita Kezia.

"Shika hapo. Sasa vuta."

Mtoto akavuta. Walipomaliza, akaliweka begani, akaubeba mkate uliokuwa mezani, akawashika binti zake mikono, wakatoka kuelekea mlimani. Wingu lilikuwa limetanda. Turubai aliliacha.