Kipenga Kutoka Nje ya Chokaa

Hapo zamani, mwezi wa Agosti, waamuzi wa ligi ya wilaya ya Mikongo waligoma. Hawakudai posho. Walidai uzio. Uwanja wao ulikuwa na mstari wa chokaa tu, na mtazamaji aliyechukia uamuzi aliuvuka, akamfikia refa. Msimu huo mwenzao mmoja alikuwa amevunjwa mkono.

Haule, mkubwa wao, ndiye aliyewaapisha. Kila mmoja alishika kipenga chake akasema: "Sitapuliza mpaka uzio usimame." Ngonyani aliapa. Sikitu Ndunguru, mwanamke pekee kati yao, aliapa.

Ikafika fainali. Chama cha soka kikatangaza kwamba isipochezwa Jumapili, wilaya haitapeleka timu mkoani. Ngonyani akamwendea Haule.

"Kaka, vijana hawa wamefanya mazoezi mwaka mzima. Kosa lao nini?"

"Hawana kosa. Na aliyevunjwa mkono, alikuwa na kosa gani?"

"Mimi nitachezesha."

"Basi usiniite kaka."

Jumapili Ngonyani alichezesha. Haule alibaki nyumbani akipalilia mboga. Sikitu alikwenda kutazama, akasimama nje ya chokaa na watu wengine, kipenga mfukoni. Hakukusudia kukitumia, alizoea tu kutembea nacho.

"Refa, miwani umemwachia mkeo?" watu walipiga kelele, na Ngonyani akacheka nao.

Dakika za mwisho, bila bila, akaonyesha penalti. Hakuna aliyecheka tena. Watu wakavuka chokaa. Kipenga kikamtoka mdomoni, naye akaanguka. Jiwe likampasua juu ya jicho.

Ndipo kipenga kikalia. Mara tatu, kwa kirefu: mpira umekwisha.

Wachezaji wakasimama, maana miguu yao ilizoea kutii. Watu nao wakasita, wakatazamana. Nani amepuliza, na refa yuko chini? Walipokuwa wakiulizana, makipa wa timu zote mbili wakambeba Ngonyani hadi zahanati. Penalti ile haijapigwa mpaka leo.

Mkuu wa wilaya alikwenda kumjulia hali, akaona jicho lile. Mwezi uliofuata uzio ukasimama, na mgomo ukaisha.

Kisha chama kikapata nafasi moja ya kozi ya waamuzi wa ligi ya taifa. Mwakani wote watatu wangekuwa wamevuka umri unaotakiwa. Katibu wa chama, Bi Tekla, akawaita ofisini Jumapili moja asubuhi.

Haule akatangulia. "Uzio niliudai mimi, na kiapo nimekishika mpaka mwisho. Hiki hapa kipenga changu, kina vumbi."

"Ungekaa na vumbi lako hadi leo," Ngonyani akasema. "Kilichosimamisha uzio ni damu yangu."

"Damu ya msaliti."

"Ya msaliti nayo ni nyekundu, kaka."

"Nilishakwambia usiniite hivyo."

Bi Tekla akamgeukia Sikitu. "Na wewe, dada, mbona kimya?"

"Mimi niliapa kama Haule, nikapuliza kama Ngonyani. Ila nilipopuliza mimi, mtu alipona."

"Tulisema hatutapuliza," Haule akajibu. "Hatukusema 'isipokuwa'."

Ngonyani akagusa kovu lake. "Ningekufa, Haule."

"Usingekwenda, Sikitu asingelazimika kuvunja kiapo kwa ajili yako."

Sikitu akacheka kidogo. "Kwa hiyo kosa langu, ninyi mnagawana?"

Bi Tekla akaomba vipenga. Haule akaweka chake mezani, Sikitu akaweka chake. Ngonyani hakuwa na cha kuweka. Chake kilipotelea chini ya miguu ya watu. Katibu akawaomba watoke, akabaki peke yake na vile viwili.

Kozi ilikuwa ianze Jumatatu. Jumapili adhuhuri watatu hao walikuwa bado wamekaa kwenye benchi la nje, Haule upande huu, Ngonyani upande ule, Sikitu katikati. Mlango ukafunguliwa.

Ninyi mnaosikiliza, mngekuwa mmeshika kitasa cha mlango ule, je, mngemwita nani?