Nakiete na Kikopo cha Ugoro

"Uzito wa mgonjwa muulize amgeuzaye." Ndiyo methali iliyowafanya mtazamane, wajukuu, pale mwenyekiti alipoitamka leo mkutanoni kumnyamazisha yule bwana mwenye shati la mistari. Mnauliza imetoka wapi. Basi haikushuka mbinguni. Ilitoka huko Upare, juu milimani, kinywani mwa mwanamke ambaye siku hiyo hakuwa ameamka na nia njema hata kidogo. Ilianza hivi.

Mwanamke huyo aliitwa Nakiete, na hakuamini kitu. Akiuziwa mayai huyatikisa sikioni moja moja. Akisalimiwa kwa uchangamfu hujiuliza mtu huyu amekuja kuazima nini. Hata mvua ikiwahi kunyesha, yeye husema inaficha jambo.

Kijijini kwao kulikuwa na msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, kila mwenye nguvu hutoka na jembe lake kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza njia za kijijini. Asiyetoka, wenzake humfuata nyumbani wakaondoka na kuku wake, na hakuna wa kumlalamikia. Sasa mtu ambaye hakuonekana msaragamboni alikuwa Namkunda, mjane aliyebaki na baba mkwe wake, Mzee Kilave. Mzee huyo alikuwa na mwili mkubwa kama mlango wa kanisa. Kiharusi kilikuwa kimempiga akafa upande mmoja, wa pili ukabaki dhaifu, na tangu hapo alikuwa wa kitandani. Kuku wa Namkunda walikwisha zamani. Banda lilibaki na manyoya tu.

"Analala huyo," Nakiete alikuwa akiwaambia wenzake mferejini. "Na mzee anatembea vizuri tu. Mbona shati lake huwa safi? Mgonjwa gani huyo mwenye shati safi?"

Kisha zikaja habari zilizomnyima Nakiete raha. Namkunda na wanawake wengine wenye wagonjwa majumbani walikuwa wakipanda mlima huu na kushuka ule, wakiomba watu wawaunge mkono. Walitaka halmashauri itenge fungu la kuwalipa wasaidizi, ili mgonjwa atunzwe kwake na anayemtunza apate kupumua. Mgongo wa Namkunda ulikuwa umeanza kukataa. Shemeji yake wa mjini alikuwa amesema waziwazi: asipopatikana msaidizi, mzee atapelekwa makazi ya wazee huko tambarare. Na Mzee Kilave alikuwa amesema heri afe leo akiuona mlima wake kuliko kuishi akitazama ukuta wa watu. Diwani angekuja kwenye mkutano wa kijiji kuwasikiliza.

"Fungu!" Nakiete alisema. "Ametukwepa sisi, sasa anataka kula hata fedha za serikali. Niachieni mimi."

Siku ya mkutano, asubuhi, pembe ya msaragambo ililia kwanza. Nakiete akaenda kwa Namkunda, uso umejaa huruma ya kuazima.

"Mwanangu, nenda wewe leo mferejini, wasije wakakusema. Mimi nitakaa na baba."

Namkunda alimtazama muda mrefu, maana naye hakuzoea kupewa kitu na Nakiete. Lakini akachukua jembe. "Jua likifika kwenye kizingiti, mama, mgeuze. Usisahau."

Nakiete alikuwa amekuja na mtego wake. Alijua udhaifu wa Mzee Kilave: ugoro. Akatoa kikopo kilichojaa, akakiweka juu ya kabati upande wa pili wa chumba, mahali mzee anakiona vizuri.

"Ngoja nikachote maji, mzee," akasema, akatoka akiburuta kandambili zake ili asikike. Kisha akazivua, akarudi kimyakimya nyuma ya nyumba, akaweka jicho kwenye ufa wa dirisha.

Mzee Kilave alikiangalia kikopo. Nakiete alimwangalia Mzee Kilave. Inzi akatua puani mwa mzee, akatembea, akajisafisha miguu, akaondoka kwa hiari yake. Mzee hakuinua mkono. Mbu walimla Nakiete shingoni naye hakuwapiga, asije akasikika. Jua likafika kwenye kizingiti.

"Nakiete," mzee akasema, ulimi mzito lakini maneno yakisikika, "ukimaliza kuchungulia, njoo unipe huo ugoro. Umenitesa vya kutosha."

Nakiete akaingia, uso chini. Hata hivyo hakuwa ameamini. Alifunua blanketi, akaikagua miguu ya mzee, akitafuta vumbi. Nyayo zilikuwa laini kama za kichanga.

"Unatafuta nini huko? Mchwa?"

"Natafuta ukweli, mzee."

"Basi nigeuze, utaukuta upande wa pili."

Nakiete alikunja mikono ya gauni. Alikuwa amebeba magunia ya viazi maisha yake yote. Akamshika bega, akavuta. Hakuna kilichosogea. Akamshika kiuno, akasukuma kwa goti.

"Shika shuka, usinishike mimi," mzee akamwelekeza. "Vuta kwako. Kwako, Nakiete! Huko ni ukutani!"

Mwili ulipokubali, ulikubali wote kwa mara moja. Nakiete akapinduka juu yake, akajikuta amebanwa kati ya mzee na ukuta, anahema kama aliyepanda mlima na tanuri kichwani. Na hapo, pua yake ikiwa karibu na mgongo wa mzee, aliona asichokitafuta. Mtu aliyelala miaka yote hiyo hakuwa na kidonda hata kimoja. Ngozi ilikuwa nzima, imepakwa mafuta, inang'aa.

Akajinasua, akakichukua kikopo cha ugoro, akamnusisha mzee bila kuombwa tena. Hata mzee alishangaa, maana Nakiete kutoa kitu halikuwa jambo la kila mwaka.

Alasiri diwani alifika, tumbo mbele, miwani mfukoni. Namkunda akasimama akasema haja yao kwa maneno machache. Diwani akatabasamu.

"Dada yangu, kumtunza mzazi ni mapenzi. Na mapenzi hayalipwi."

Watu wakaguna, wengi wakikubali. Mmoja akapaza sauti, "Muulizeni Nakiete! Ameshinda huko leo. Mama, mzee anatembea, hatembei?"

Namkunda aligeuka kumtazama, akaelewa huruma ile ya asubuhi ilitoka wapi. 

Nakiete akainuka, mkono mmoja kiunoni.

"Mheshimiwa, barabara yetu unaipenda?"

"Naipenda sana, mama."

"Mbona mkandarasi mlimlipa?"

Kicheko kikapita. Diwani akakohoa. "Mama, mzee mmoja kulala kitandani, hiyo nayo ni kazi nzito kiasi gani?"

"Usiniulize mimi, nimemgeuza mara moja tu na kiuno hiki si changu tena. Uzito wa mgonjwa muulize amgeuzaye." Akamwonyesha Namkunda. "Yule pale. Na sisi tulikuwa tukimlia kuku wake."



"Basi," diwani akasema, "tutalifikiria."

Macho ya Nakiete yakawa membamba. "Hilo neno nalijua. Lina miguu ya kukimbilia." Akamgeukia mwenye pembe. "Piga!"

Pembe ikalia. Nakiete akatangaza kwamba msaragambo wa jioni hiyo ulikuwa kumgeuza Mzee Kilave, na kwamba desturi haibagui cheo. "Kuku huna hapa, mheshimiwa. Lakini gari unalo."

Diwani alitazama gari lake. Wazee walikuwa wamekwisha kuliegemea pande zote mbili, wanazungumza habari za mvua. Akaenda mpaka kitandani kwa mzee. Akavua koti, akashika bega, akavuta. Jasho likamtoka.

"Shika shuka, mheshimiwa," mzee akamwambia. "Mimi hata kura nilikupa nikiwa nimelala."

Miwani ya diwani ilikutwa siku ya pili chini ya godoro. Fungu lilichelewa, wajukuu, msije mkadhani serikali hukimbia. Lakini diwani alilisemea kila kikao, na kila akilisema alikuwa akijishika kiuno. Msaidizi akapatikana. Mzee Kilave alikufa kwake, uso umeelekea mlimani, mgongo hauna kidonda.

Na Nakiete? Alibadilika kidogo tu. Kila msaidizi alipoingia kazini kwenye nyumba yenye mgonjwa, jicho la Nakiete lilikuwa kwenye ufa wa dirisha. Akiulizwa anachungulia nini, na yeye mwenyewe alikwisha kuamini, alijibu: "Kuamini nimeamini. Lakini uzito wa mgonjwa muulize amgeuzaye. Nami nataka kuhakikisha huyu atakuwa na la kujibu."