Karatasi ya Makengeza

Sogeeni, na anayejua kuamua mambo ya watu akae karibu nami zaidi, maana hili limenishinda.

Sisi hucheza mchezo wa mezani kila Jumamosi alasiri, nyuma ya ofisi ya Shekiondo, fundi cherehani, hapa Muheza. Kila mchezaji ana mhusika wake, na sifa za mhusika huyo zimeandikwa kwenye karatasi. Mimi nasimulia yanayowakuta, dadu inaamua. Miaka miwili iliyopita mwenzetu Hoza alimwacha mhusika wake, mwindaji Makengeza, amenaswa nyuma ya mwamba pangoni. Tukasema tutamalizia Jumamosi ijayo. Jumamosi hiyo tulikuwa makaburini, tunamzika Hoza.

Hakuna aliyethubutu kumgusa Makengeza tena. Tulicheza hadithi nyingine, lakini wote tulijua kuna mtu bado yumo mle pangoni, na roho yangu haikutulia.

Mwezi uliopita tukapata kitabu kipya chenye aina tatu za wahusika. Kusema kweli, tuliwacheka. Msikiza-Mawe husikia yale ambayo mawe yanayakumbuka. Mbeba-Jeraha huhamishia mwilini mwake majeraha ya mwenzake. Mwita-Jina akikuita, huna budi kuja, hata kama njia imezibwa. Hata mmoja wao hana upanga. Mbazi, fundi bomba, akauliza kama huyo wa pili kazi yake ni kuumia tu. Lakini Mwantumu, dada yake Hoza, akausoma ukurasa ule mara ya pili, polepole, akasema hawa wanatosha kumtoa Makengeza.

Shekiondo akawa Msikiza-Mawe. Mlima aliponaswa Makengeza una mapango mia. Akalaza sikio kwenye jiwe moja baada ya jingine, mpaka moja likamwambia lina mtu. Bila yeye wangechimba mlima mzima bure. Gharama ya kazi hiyo ni kwamba mhusika wake hasikii tena sauti ya binadamu.

Mbazi akawa Mbeba-Jeraha. Kupitia ufa mwembamba alimgusa Makengeza, akakuta amevunjika miguu yote miwili na pumzi inakata. Akaichukua miguu ile mibovu, akampa yake mizima. Mhusika wake hatatembea tena, na Mbazi siku hiyo hakutania.

Ila mwamba ulikuwa palepale. Mwantumu, aliyekuwa Mwita-Jina, akamwita Makengeza mara tatu, huku anajua kwamba anayeita hivyo hulisahau jina lake mwenyewe. Mara ya tatu dadu ikakubali. Makengeza akapenya kwenye ufa, akasimama juani. Tulilia wote, watu wazima.

Basi hapo tukakwama. Meza yetu ina sharti: anayemtoa mtu kifungoni anakabidhiwa karatasi yake. Karatasi ni moja na hainakiliwi, na waliomtoa ni watatu.

Shekiondo aliitaka ili Makengeza aendelee na safari yake. Mbazi, ambaye alifundishwa mchezo huu na Hoza, alisema, "Nimempa miguu yangu. Niacheni nitembee naye."

Mwantumu akakataa. Mhusika akichezwa, sifa zake hubadilika, na kila badiliko lazima ufute uandike upya. "Hoza aliandika kwa penseli," alisema. "Mkicheza mtamfuta. Sina mwandiko mwingine wa kaka yangu."

Shekiondo akamuuliza ataiweka wapi. Akasema kabatini, afunge na ufunguo.

"Kwa hiyo tumemtoa pangoni, dada yangu, ili ukamfungie kabatini?"

Wakakubaliana niamue mimi.

Hii ni wiki ya tatu karatasi imo mfukoni mwangu, na mchezo umesimama. Nikimpa Mwantumu, Makengeza hatembei tena. Nikimpa Shekiondo au Mbazi, Hoza anafutika mstari mmoja mmoja. Keshokutwa ni Jumamosi, nao wananisubiri.

Je, wewe ungempa nani?