Siku Madamu wa Kiingereza Alipochelewa

Wapendwa, leo niwapeleke sekondari. Nyie mlioacha shule zamani msiogope, hakuna atakayechapwa. Tuingie Kidato cha Tatu, tukae dawati la nyuma kabisa, karibu na dada mmoja aliyeitwa Koku.

Koku alikuwa na miaka ishirini na moja. Wenzake darasani walikuwa na kumi na sita. Alikatiza masomo alipopata mtoto, akakaa nyumbani miaka minne akilima na kulea. Akina mama kama yeye waliporuhusiwa kurudi, akashona sketi ya shule upya, akarudi. Hisabati ilimkumbuka. Kiswahili ndiyo usiseme. Lakini Kiingereza kilikuwa kimehama bila kuaga! Na Mkuu wa shule alimwambia siku ya kwanza, "Tumekupokea, ila tunakuangalia. Muhula ukiisha hujasogea, tutazungumza na wazazi wako." Mnajua maana ya "tutazungumza," sivyo?

Sasa, mwalimu wa Kiingereza, Madamu Asimwe, alikuwa na kawaida yake. Kila kipindi, kabla hajafungua kitabu, zilikuwepo dakika tano za kupasha, kama wachezaji wanavyopasha misuli pembeni ya uwanja kabla filimbi haijalia. Anaandika ubaoni sentensi moja mbovu, kitenzi cha leo kimevishwa siku ya jana, umoja umeozeshwa kwa wingi. Wanafunzi wanaitengeneza kwenye daftari dogo, kisha mmoja anasimama na kusoma sentensi aliyoitunga mwenyewe. Maksi hakuna. Madaftari hayakusanywi. Dakika tano, basi.

Wengi waliona ni mambo ya kitoto. Kitu hakina maksi, cha nini? Lakini Koku, jamani! Nyumbani akifungua daftari, mtoto amekwisha panda mgongoni. Akilifunga, sufuria inafurika jikoni. Zile dakika tano ndizo zilikuwa zake. Mwezi wa kwanza aliambulia maneno matatu. Mwezi wa pili, sentensi nzima. Siku ya kwanza aliposimama kusoma, darasa lilimcheka matamshi. Akasoma mpaka nukta, akaketi, akafuta jasho. Kesho yake akasimama tena.

Jumatatu moja Mkuu akaingia darasani katikati ya kupasha. Akatazama ubao, akatazama saa.

"Madamu, mtihani uko mlangoni na wewe bado unacheza na sentensi moja? Wiki hii iwe ya mwisho. Baada ya hapo, ukiingia tu ni mada."

"Mkuu, asiyepasha huumia mapema."

"Nimesema, Madamu."

Koku akalifunga daftari lake dogo. Dakika tano tu alizokuwa nazo duniani, nazo zinachukuliwa!

Ikafika Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, udongo umekuwa kama uji. Kengele ya kipindi cha kwanza ikalia. Madamu hayupo. Pikipiki iliyombeba ilikuwa imezama kwenye tope huko bondeni, naye hana namna ya kuwaambia. Mnajua darasa lisilo na mwalimu likoje. Huyu anasuka mwenzake, yule anapiga meza kama ngoma, wengine wamelala fofofo.

Koku akautazama ubao. Mweusi, mtupu. Akahesabu: leo, na kesho, kisha basi. Na ya leo nayo ipotee hivihivi? Akajikuta amesimama, anakwenda mbele, ameshika chaki.

Monita akaruka. "Dada Koku, kaa! Chaki ya mwalimu haiguswi. Utatuponza!"

"Saa ya kupasha imefika."

"Mwalimu hayupo!"

"Mwalimu hayupo," Koku akasema. "Saa ipo."

Akaandika. Herufi zikapanda mlima. Aliandika kwa Kiingereza kwamba mtoto wake anaogopa radi lakini yeye haogopi, akaweka kosa moja kwa makusudi. Mmoja wa mbele akachungulia, akafungua daftari. Jirani yake naye akafungua. Ndugu zangu, kimya kikatanda! Dakika mbili baadaye mikono ikawa juu kama migomba.

"Kosa lipo kwenye kitenzi!"

"Safi," Koku akasema.

"Na lingine neno la tatu!"

Koku akageuka akauangalia ubao. "Mimi nimeweka moja tu!"

"Basi hilo la pili ni lako mwenyewe, dada!"

Darasa likaangua kicheko, na Koku akacheka kuliko wote, akalifuta, akalirekebisha. Akacheka mpaka machozi, maana kicheko kile hakikuwa tena cha kumtenga.

Na hapo hapo mlango ukafunguka. Mkuu wa shule! Na nyuma yake mkaguzi, aliyekuja asubuhi ile bila taarifa.

"Nani amewapa kazi hii?" Mkuu akauliza.

Koku yuko mbele, chaki mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akalikumbuka lile "tutazungumza."

"Hakuna aliyetupa, Mkuu. Ni saa yake."

Mkaguzi akasogea, akamuuliza kwa Kiingereza: radi huiogopi, je, unaogopa nini? Koku akavuta pumzi. Akajibu kwa Kiingereza hichohicho, polepole, neno baada ya neno, kwamba anaogopa kumwambia mtoto wake asome, ilhali yeye aliacha. Sentensi ikatoka nzima mpaka mwisho. Alishtuka mwenyewe!

Wakati huohuo Madamu Asimwe akaingia mbio, tope hadi magotini, viatu mkononi. "Mkuu, nisamehe, nimechelewa, darasa langu..."

"Madamu," mkaguzi akamkatiza, "uliwaandaa lini kwa ajili ya ujio wangu?"

Madamu akaviweka viatu chini. "Mimi hata sikujua kama unakuja."

Mkuu akatazama ubao, akatazama saa. Kisha akasema, "Dakika hizi ziendelee. Na Kidato cha Kwanza nao waanze." Wee! Madawati yalipigwa siku hiyo mpaka shule nzima ikachungulia madirishani.

Naona na ninyi mnapiga makofi. Asanteni. Sasa shusheni mikono, maana nina swali. Kama Madamu angefika mapema siku ile, nani angejua kilichomo ndani ya wale watoto? Tungemsifu mwalimu, tukaenda zetu.

Na sisi je? Tunasali kwa sababu kengele ya kanisa imelia. Tunaimba kwa sababu mwalimu wa kwaya ametoa sauti. Tunasamehe mchungaji akiwa amekaa katikati yetu, anatuangalia. Kesho asubuhi pale nyumbani kwako, watoto wanatafuta soksi, mume ana hasira, chai haina sukari, na hakuna mchungaji: nani atasema, "Jamani, tusimame kidogo tuombe"? Utasema dakika tano hazina maksi? Utasema unasubiri semina kubwa, unasubiri mfungo? Mama, unaogopa kukosea maneno? Kosea! Mtoto akikusahihisha, cheka naye, mwendelee. Baba, unaogopa watakushangaa? Washangae leo, kesho watafumba macho pamoja nawe.

Siku ya kujaribiwa haitumi taarifa, wapendwa. Itafungua mlango na kukukuta ulivyo.

Nimemaliza. Lakini ibada hii haijafungwa, na sala ya mwisho sijampangia mtu. Nakaa chini.